Mkwe Aliyepita Bila Kusalimia

Mkimbiaji hasalimii njiani, husalimia akirudi.

Mmelisikia neno hilo asubuhi, fundi Luvanda alilisema pale kijana wa bodaboda alipopita hapa amempakia mgonjwa, asitupungie hata mkono. Mkacheka, mkaanza kuulizana limetoka wapi. Haya, nitawaambia. Lakini mtu asinikatize, na mwenye simu aiweke mfukoni. Msemo huu haukuokotwa njiani. Una mwenyewe, una barabara yake, na umetoka kwenye magoti ya mwanamke mmoja wa hapa hapa Ilembamo.

Mwanamke huyo ni Enesia Mgaya. Aliletwa hapa akiwa binti wa miaka ishirini, ameolewa na Osmundi, mtoto wa pili wa Mzee Augeni Mtewele. Osmundi alikuwa mtu mpole, mpole mpaka inaudhi. Enesia alikuwa mchuma chai kama wanawake wengi wa hapa. Shambani alikuwa namba mia mbili na kumi na nne, basi. Nyapara alimwita kwa namba hiyo miaka saba, na sidhani kama alilijua jina lake. Ila akishavaa viatu vyake vya mtumba akaingia barabarani, watu wazima walisimama kumtazama. Aliniambia siku moja, "Mama, mimi nikikimbia ndipo najiona mtu." Nikamwambia aache maneno, achambue mboga. Wakati huo sikuelewa.

Kila mwaka baada ya mavuno kulikuwa na mbio ndefu, kilomita arobaini na mbili na ushee. Zilianzia uwanja wa Mgongolo kule mjini, zikazunguka mashamba ya chai, zikapanda mpaka misheni, zikateremka kupita katikati ya kijiji chetu, halafu kilomita kumi za mwisho zikarudi uwanjani. Enesia alizikimbia mara tatu. Mara zote tatu akawa wa pili, na mara zote tatu aliyemshinda ni mtu mmoja, Selina Sanga, dada mrefu wa mjini, muuza vitambaa.

Kuwa wa pili si aibu. Lakini Mzee Augeni alikuwa amechoka kusikia "wa pili". Akawaita mwanawe na mkwewe, akasema, "Mwaka huu ni wa mwisho. Akiwa wa kwanza, akimbie mpaka azeeke, sitatia neno. Asipokuwa wa kwanza, viatu vifungiwe, atulie nyumbani kama wenzake."

Osmundi akasema, "Ndiyo, baba." Enesia akachuchumaa, naye akasema, "Ndiyo, baba." Wewe ungesemaje? Mzee Augeni hakuwa mtu wa kubishiwa. Akitamka jambo, hata mbuzi wake walitulia.

Basi mwaka ule Enesia alijiandaa roho iko mkononi. Aliamka kabla ya jogoo, akakimbia, akaoga, akaenda kuchuma chai, akarudi akapanda mlima wa misheni mara sita. Aliyemfundisha ni Mwalimu Kaduma, mstaafu, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni na saa kubwa mkononi. Kila mwaka Mwalimu alimsubiri uwanjani kwenye utepe, akiangalia saa, na kila mwaka alisema, "Pumzi. Tatizo lako ni pumzi." Ndiyo maana akampandisha mlima. Mwanamke akapanda mlima mpaka akawa na pumzi za kutosha watu watatu.

Siku kumi kabla ya mashindano ilikuwa zamu ya zoezi la mwisho refu. Mwalimu alikuwa amenunua baiskeli. Akasema, "Leo nakufuata nyuma njia nzima." Na huko nyuma ndiko alikoona jambo ambalo hakuwahi kuliona miaka mitatu.

Walipoteremka kutoka misheni Enesia alikuwa anakwenda vizuri. Wakaingia Ilembamo. Mzee Ngole alikuwa amekaa nje ya duka. Enesia akapunguza mwendo, akasimama, akachuchumaa, akapiga makofi mawili ya adabu. "Kamwene, baba." Akasubiri. Mzee Ngole akameza mate, akaangalia mawingu, akaitikia. Enesia akanyanyuka, akakimbia. Hatua thelathini mbele, bibi wawili wanatoka shamba. Akachuchumaa. "Kamwene, mama. Kamwene, mama." Akanyanyuka. Alipofika kwenye kona ya kwa mkwewe akashuka kabisa, kichwa chini, akangoja. Na Mzee Augeni alikuwa haharakishi salamu.

Mwalimu akashuka kwenye baiskeli.

"Enesia, unafanya nini?"

"Nasalimia."

"Na siku ya mashindano?"

"Siku ya mashindano wanakuwa wengi zaidi, Mwalimu. Wanatoa vigoda barabarani."

"Mwaka jana ulisalimia wangapi?"

Enesia akahesabu kwa vidole. "Kumi na wanne. Mwaka wa kwanza walizidi ishirini. Mwaka jana nilijitahidi sana, wengine niliwainamia tu."

Mwalimu Kaduma alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Selina Sanga alikuwa amemshinda Enesia mwaka uliotangulia kwa dakika isiyotimia. Na si dakika tu. Mguu uliokimbia kilomita thelathini na mbili ukiukunja mpaka chini, ukija kuunyanyua si mguu tena, ni gogo.

"Miaka mitatu! Mbona hukuniambia?"

Enesia alimshangaa. "Kuna la kuambiana hapo, Mwalimu? Mtu ukipita mbele ya wakubwa, si unasalimia?"

Msicheke. Ninyi siku hizi mnatupa "mambo" mmesimama wima kama nguzo za umeme, ndiyo maana mnacheka. Huku kwetu mke aliyeolewa alikuwa hapiti mbele ya mtu mzima bila kushuka chini. Hakuna aliyefikiri kwamba mbio zina sheria yake. Hata sisi tuliokaa kwenye vigoda tulikuwa tunampenda, tunataka ashinde, na tunataka atusalimie. Tukimwona anashuka tunajisifu: "Mnaona mkwe wetu alivyo na adabu? Hata kwenye mashindano!" Kumbe tulikuwa tunamvunja miguu mmoja mmoja, kwa zamu. Selina yeye alishajua. Kila mwaka alikuwa anavizia tu wafike Ilembamo, hapo anafyatuka.

Mwalimu akasema kwa ukali, "Mwaka huu unapita. Husalimii mtu."

Enesia akajibu, "Siwezi." Hakusema hataki. Alisema hawezi, na ilikuwa kweli.

Mwalimu akaanza kazi mpya, zimebaki siku tisa. Alikwenda kukusanya makoti makuukuu na kofia za nyumba yake yote, akayavisha vijiti, akavisimika kuzunguka uwanja wa shule. "Hawa ndio wazee. Pita." Enesia akakimbia. Alilipita koti la kwanza, akalipita la pili. La tatu lilikuwa jeusi refu na kofia ya pama, kama ya Mzee Augeni. Goti likakunjika lenyewe. Jamani, alilichuchumalia koti! Mwalimu akapuliza filimbi mpaka mate yakaruka. "Rudia!" Akarudia. Siku ya kwanza alilisalimia koti lile mara tano. Siku ya tatu mara mbili. Siku ya sita akalipita, lakini akarudi nyumbani analia, kana kwamba amemtukana mtu.

Sasa kijiji hakina siri. Uwanja wa shule uko wazi, na makoti yanaonekana toka barabarani. Ikavuma kwamba Mwalimu Kaduma anamfundisha mke wa Osmundi kudharau wazee. Kisimani tukasema, "Kumbe sisi ni makoti!" Ndiyo, na mimi nilisema, nisijitoe. Mzee Ngole akaapa hatatoka nje siku hiyo, halafu akaapa atatoka, aone kwa macho yake. Mzee Augeni yeye hakusema kitu, na hilo ndilo lililomtisha Enesia kuliko yote.

Ikafika Jumamosi, kesho yake ndiyo mashindano. Mwalimu alikuwa ametoa amri: asitembee, alale miguu juu, ale viazi na uji wa ulezi, anywe maji. Enesia alilala hivyo mpaka saa nane mchana akiangalia bati. Viatu alishavifua. Kamba alishazifunga na kuzifungua mara nne. Moyo ukawa unakwenda mbio peke yake huku mwili umelala. Akikumbuka utepe, anaona koti jeusi. Akikumbuka koti jeusi, anaona viatu vimefungiwa kabatini. Mwishowe akaona atakufa kwa mawazo. Akavaa kanga, akaenda kwa wakwe zake.

Mzee Augeni alikuwa uani anasuka tenga la mianzi. Mama Osmundi alikuwa pembeni anachambua maharage. Enesia akachuchumaa.

"Kamwene, baba. Kamwene, mama."

"Kamwene," wakaitikia.

Hakunyanyuka. "Baba, nimekuja na salamu nyingine."

"Ipi hiyo?"

"Ya kesho. Kesho nitapita pale kwenye kona nikiwa na mbio zangu. Naomba niitoe leo, nikuamkie leo kwa ajili ya kesho."

Mzee akaweka kisu chini. "Salamu haiwekwi akiba. Salamu si mahindi."

"Ndiyo, baba."

"Kesho nitakaa pale pale ninapokaa kila mwaka. Watu wa vijiji vitatu watakuwepo. Watatazama kama mke wa mwanangu ananiona au hanioni."

"Nitakuona, baba."

"Basi nisalimie."

"Nikikusalimia nitakuwa wa pili," Enesia akasema. "Nikiwa wa pili, ulisema viatu vifungiwe."

"Nilisema."

"Sasa nifanye lipi, baba?"

Miaka saba aliyokaa kwenye ukoo ule hakuwahi kumuuliza mkwewe swali. Mama Osmundi aliacha maharage. Akasema taratibu, "Mzee..." Mzee akamtazama, naye akarudisha macho kwenye ungo.

Mzee Augeni alilisuka tenga raundi nzima kabla ya kujibu. "Siwezi kujibishana na mtu aliyefundishwa na makoti. Nenda ukapumzike."

Enesia akarudi nyumbani. Alimkuta Osmundi anaifunga namba ya mashindano kwenye fulana kwa pini, na vidole vimeshachomwa.

"Baba kasemaje?"

"Kasema nikapumzike."

"Ah! Basi kakubali."

"Osmundi, hukuwepo. Hajakubali. Wewe unasemaje?"

Osmundi akahangaika na pini moja muda mrefu sana. Akasema, "Baba ni baba." Kisha akasema, "Ila na mimi ningependa ushinde." Si nilishawaambia kuhusu huyo? Enesia alikula viazi vyake, akapaka mafuta kwenye vidole vya miguu, akajilaza jua bado lipo. Alikuwa hajaamua. Aliniambia baadaye kwamba alilala hajaamua, akaamka hajaamua, na filimbi ya kuanza ikalia bado hajaamua.

Asubuhi ile ilikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Wanaume walipita hapa kwanza, hao hatukuwajali. Sisi tulikuwa tumeshakaa. Upande huu wazee, upande ule akina mama, vigoda mpaka ukingoni mwa barabara. Mimi nilivaa kitenge kipya. Nilitaka kusalimiwa mbele za watu wa vijiji vitatu, nisiwadanganye.

Mara watu wa juu wakapiga kelele: "Wanakuja! Wanawake wawili!" Tukawaona wanateremka kutoka misheni, Enesia na Selina, bega kwa bega. Selina alikuwa anatabasamu kidogo. Enesia uso umekauka.

Wa kwanza alikuwa Mzee Ngole. Alijiweka sawa kwenye kigoda, akajiandaa kuitikia. Enesia akapita.

"Ee!" watu wakasema.

Akawapita bibi wawili. Akawapita watu wa kwaya. Akafika kwangu. Nikakohoa. Ndiyo, nilikohoa, kumkumbusha kwamba nipo. Niliona midomo inamcheza, lakini macho yako mbele, na miguu haikupunguza. Upepo wake ukanipiga kitenge. Nikasema kwa sauti watu wasikie, "Shule imemharibu huyu!" Na Enesia aliishia darasa la saba.

Ikabaki kona. Mzee Augeni alisimama. Kila mwaka alikuwa akikaa, mwaka ule alisimama, fimbo mkononi, mguu mmoja ndani ya barabara. Selina alipoiona kona ile akafanya alichofanya miaka yote: akafyatuka, akamwaga nguvu zote alizoweka, kwa sababu alijua mwenzake hapa anashuka.

Goti la Enesia lilianza kukunjika. Wote tuliliona. Bega moja lilishuka, mikono ikaanza kukutana kwa makofi ya adabu. Mzee alikuwa ameshafungua kinywa kuitikia. Na hapo, ndivyo alivyonieleza mwenyewe, Enesia alijiambia, nikishuka hapa sitanyanyuka tena maisha yangu yote. Akalinyoosha goti. Akampita baba mkwe wake karibu kabisa, kiasi cha kumgusa, bila neno, na machozi yanamshuka mpaka shingoni.

Mzee alibaki kinywa wazi. Hakuna aliyemshangilia Enesia. Kijiji chote kilimtazama mgongo mpaka akapotea darajani.

Selina alipogeuka nyuma kuona amemwacha umbali gani, alimkuta mtu begani. Dada wa watu akachanganyikiwa. Nguvu zake zilishaisha kwenye kona yetu, na bado kilomita kumi. Walikwenda pamoja mpaka kilomita ya thelathini na nane, hapo Selina akaanza kubaki, na Enesia aliingia uwanja wa Mgongolo peke yake. Wa kwanza. Mwalimu Kaduma alirusha kofia, akamkumbatia, akalia kama mtoto.

Watu wakamwambia asubiri, mgeni rasmi yuko njiani, kuna kikombe, kuna picha. Enesia akaomba maji, akanywa, akageukia barabara.

"Unakwenda wapi?" Mwalimu akauliza.

"Ilembamo. Kuna watu sijawasalimia."

"Una wazimu? Kaa kwenye baiskeli basi, nikupeleke."

"Hapana, Mwalimu. Niliwapita kwa miguu."

Huku kijijini habari za ushindi zilishafika kwa pikipiki, na hatukupiga hata kigelegele kimoja. Tulikuwa bado tumekaa pale tukinung'unika. Mzee Augeni alikuwa ameondoka konani bila kuaga, ameingia ndani kwake. Alikuwa amemwambia Osmundi, "Mwalimu wake amtafutie baba mwingine." Osmundi akakaa kwenye kizingiti, uso mikononi.

Ilikuwa yapata saa saba mchana tulipomwona Enesia anatokea darajani. Alikuwa anatembea kama mtu anayepita juu ya miiba. Namba bado iko kifuani, chumvi ya jasho imemkaukia usoni. Akafika kwa mtu wa kwanza, mama mmoja aliyekaa karibu na kona. Akashuka, pole pole, mkono mmoja umeshika ardhi. "Kamwene, mama." Akaitikiwa. Akanyanyuka. Akaenda kwa wa pili, akashuka. Kwa wa tatu miguu ilikataa kunyanyuka, ikabidi avutwe mkono.

Nilikuwa nimemwandalia maneno. Nilikuwa nimeyapanga toka asubuhi, makali, nikijua na namna ya kuyamaliza. Alipofika mbele yangu akashuka mpaka magoti yakagusa vumbi, akasema, "Kamwene, mama." Maneno yote yakanipotea. Nilimshika makwapa nikamnyanyua, na miguu yake ilikuwa inatetemeka mpaka ikanitetemesha na mimi. Niliona aibu. Niliona aibu kwa ajili ya kikohozi kile, na kitenge, na maneno ya kisimani. Nikamwambia, "Inatosha mwanangu, kalale." Akasema, "Bado, mama."

Akapanda mpaka kwa Mzee Ngole kule juu dukani, hakumruka mtu. Sisi aliokwisha kutusalimia tukaanza kumfuata, mmoja mmoja. Halafu akageuka, akateremka mpaka uani kwa Mzee Augeni, na kijiji nyuma yake.

Mlango ulikuwa umerudishwa. Enesia akachuchumaa katikati ya uwanja.

"Kamwene, baba."

Kimya.

"Kamwene, baba."

Kimya. Msuli wa paja ukamkamata hapo hapo. Tuliuona unavyojifunga fundo chini ya ngozi. Akauma mdomo. Osmundi akaruka kutoka kizingitini kwenda kumnyanyua, na Enesia akamwambia, "Niache. Hajaitikia."

Mama Osmundi ndiye aliyeingia ndani. Tulimsikia. "Augeni, mtoto wako yuko chini. Mimi sitakaa kimya mara ya pili."

Mzee akatoka na fimbo yake. Alitutazama sisi, akamtazama Enesia.

"Umetoka wapi?"

"Uwanjani, baba."

"Wamekupakia?"

"Nimetembea."

"Kilomita kumi? Baada ya zile?"

"Ndiyo, baba."

"Umesalimia wangapi?"

"Wote niliowapita. Umebaki wewe."

Mimi nimemjua mzee yule tangu ujana wake, na sikuwahi kumwona akiinama kwa mtu, hata mbele ya askofu. Aliiegemeza fimbo ukutani. Akakunja goti moja, likalia, akakunja la pili, akashuka taratibu mpaka uso wake ukawa sawa na wa mkwewe, pale chini vumbini.

"Kamwene, mwanangu," akasema.

Enesia akalia kwa sauti. Na sisi tukalia. Mzee akatugeukia kwa hasira, maana hakupenda kutazamwa. "Mnashangaa nini? Mkimbiaji hasalimii njiani!"

Mama Osmundi akamalizia pale mlangoni: "Husalimia akirudi."

Hapo ndipo vigelegele vilipotoka, vile tulivyovinyima asubuhi. Sasa mzee naye akashindwa kunyanyuka, magoti ya miaka sabini na mitatu. Wakawa wawili chini, mkwe na mkwewe, wanatazamana. Osmundi alisimama kati yao hajui amnyanyue nani kwanza. Mzee akamwambia, "Mnyanyue mkeo." Na alipokwisha kunyanyuliwa na yeye, akajipangusa vumbi, akauliza kama mtu anayeulizia mvua, "Hizo nyingine ni lini?"

Enesia alikimbia miaka tisa baada ya hapo. Na kila mwaka alipopita hapa hatukutoa kigoda hata kimoja. Tulisimama tukampigia makofi, na jioni tulimngoja kila mtu nyumbani kwake.

Basi ndiyo hiyo. Lakini nina neno na ninyi. Nawasikia mnavyolitumia. Mtu anakwenda mjini miaka sita, mama yake hapati hata salamu, ukimuuliza anakwambia, "Mkimbiaji hasalimii njiani," anaishia hapo hapo, anacheka. Nusu hiyo ni nyepesi, hata mwizi anaweza kuisema. Nusu ya pili ndiyo iliyomtembeza Enesia kilomita kumi na miguu iliyokufa. Anayetaka kuisema ya kwanza aitimize na ya pili.

Mkimbiaji hasalimii njiani, husalimia akirudi.